Dawa za Mia na Hamsini

Mama aliyenitangulia kwenye kemisti moja ya Kondele, mtaa wa huku kwetu Kisumu, aliweka kikaratasi cha daktari juu ya kaunta na kuuliza bei kabla ya kueleza mtoto anaumwa na nini. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni, amefungwa kwa leso, akipumua haraka kuliko inavyompasa mtoto aliyelala. Kijana anayeuza dawa, ambaye sisi wateja wote humwita daktari, alisoma kikaratasi, akatoa vidonge vya amoksilini vile vinavyoyeyushwa kwenye maji, akahesabu dozi ya siku tano na kusema kwamba jumla yake ni shilingi mia tatu.

"Nikatie za mia na hamsini, daktari."

"Mama, hizi lazima mtoto azimalize."

"Najua. Hizo zingine nitazirudia."

Kijana hakubishana naye. Alichukua mkasi, akaikata karatasi ya vidonge katikati, akaandika kwenye bahasha ndogo asubuhi ngapi na jioni ngapi, kisha akanigeukia mimi. Watu waliokuwa nyuma yangu hawakuonyesha mshangao wowote, kwa sababu kununua dawa kulingana na pesa zilizo mkononi, kama mafuta ya kupikia ya kupima, ni jambo ambalo mtaani kwetu halihitaji maelezo.

Kilichonisumbua si ule mkasi. Nilisumbuliwa na muhuri uliokuwa kwenye kile kikaratasi.

Ulikuwa muhuri wa zahanati ya serikali, mahali ambapo mgonjwa halipi kitu. Mama huyo alikuwa amefanya kila jambo tunaloambiwa tufanye: aliwahi, hakukimbilia hospitali kubwa, alianzia kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani, mtoto akapimwa bila malipo na mhudumu akamwandikia dawa iliyo sahihi. Ila dawa yenyewe haikuwepo kwenye rafu.

Shilingi zisizo na daftari

Mimi ni mweka hazina wa chama cha wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake wa soko la Kibuye, na kazi hiyo humzoesha mtu kuuliza kila shilingi imeandikwa wapi. Kwa wiki nyingi baada ya siku ile nilijikuta nikiziuliza swali hilo zile shilingi mia na hamsini.

Katika kitabu cha zahanati, mtoto yule ni mgonjwa aliyehudumiwa kwa malipo ya sifuri. Katika mfumo wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, mama yake ni mwananchi aliyesajiliwa na aliyepata huduma ya msingi anayostahili. Katika hesabu za kemisti, ni mauzo ya siku. Ukiyaweka madaftari hayo matatu pamoja, huduma ya afya ya msingi imefanya kazi yake vizuri kabisa, na hakuna ukurasa wowote unaoonyesha kwamba mtoto ameondoka na nusu ya dawa.

Wala hakuna ukurasa utakaoonyesha nusu ya pili, iwapo haikununuliwa.

Sitaki kurudia historia ambayo kila msomaji wangu ameiishi au kusimuliwa na wazazi wake: ada za matibabu za mwishoni mwa mwaka 1989 hapa Kenya, kusitishwa kwake mwaka uliofuata na kurudi kwake tena, halafu utaratibu wa mwaka 2004 wa shilingi 10 kwa zahanati na shilingi 20 kwa kituo cha afya, hadi ada hizo zilipofutwa mwaka 2013. Katika miaka hiyo yote mjadala wetu umekuwa juu ya kile anachoulizwa mgonjwa mlangoni, na kwenye mlango huo, kwa kiasi kikubwa, tumeshinda. Bei ilihama. Ilivuka barabara ikaenda kukaa kwenye kaunta ya kemisti, ambako hakuna waziri anayeweza kuifuta kwa tangazo.

Shilingi kumi, shilingi arobaini

Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa wale wanaosema kwamba mgonjwa achangie kidogo. Hoja zao si za kipuuzi. Kitu cha bure huharibiwa, foleni hujaa watu wasio wagonjwa, na zahanati isiyo na shilingi yake yenyewe hushindwa hata kununua sabuni ya kuoshea sakafu. Nimewahi kuzisema hoja hizo mwenyewe kwenye vikao, na wenzangu wakatikisa vichwa kukubali.

Zilizonitikisa ni tafiti mbili zilizofanywa huku huku kwetu, wala si mbali.

Ya kwanza ni ya Busia, katika shule za msingi ambako watoto walikuwa wakipewa dawa za minyoo. Watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia kilichotokea baadhi ya shule zilipoanza kuwatoza wazazi ada ndogo huku nyingine zikiendelea kutoa dawa bure. Palipokuwa bure, kama robo tatu ya watoto walitibiwa. Palipowekwa ada, waliotibiwa hawakufika hata mtoto mmoja kati ya watano. Tena haikujalisha sana kama ada ya mzazi fulani ilikuwa juu kidogo au chini kidogo kuliko ya jirani yake. Kilichowafukuza watu ni kule kuwepo kwa bei.

Ya pili ni ya vyandarua. Jessica Cohen na Pascaline Dupas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walifanya kazi na kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya, nyingine zikigawa vyandarua vyenye dawa bure na nyingine zikiviuza kwa bei ambazo hata ya juu kabisa ilikuwa ya chini mno, takriban shilingi 40 za wakati ule. Kati ya bure na shilingi hizo arobaini, idadi ya wajawazito waliochukua chandarua iliporomoka kwa asilimia 60. Na wale waliolipa, ambao kwa hoja niliyokuwa nikiitetea walipaswa kukithamini zaidi, hawakuonekana kukitumia kuliko waliopewa bure.

Niliyasoma matokeo hayo nikiyatafutia kasoro. Minyoo haina homa, nikajiambia, na chandarua si dawa. Mzazi mwenye mtoto anayeungua mwili atalipa tu.

Kisha nikamkumbuka mama wa kwenye kemisti, na jinsi alivyouliza bei kwanza.

Huduma ya msingi ndiyo mahali pabaya zaidi pa kuweka bei, kwa sababu ni pale ambapo mgonjwa hajui bado ananunua nini. Mtu aliyevunjika mguu anajua kwamba amevunjika mguu, na ukoo mzima unajua, na harambee itaitishwa jioni hiyo hiyo. Lakini mtu mwenye kikohozi cha siku tatu, au mwenye kichwa kinachouma kila alasiri, anaulizwa alipe ili aambiwe kama ana sababu ya kulipa. Akiwa na shilingi mia mbili za unga na mafuta, kuzishikilia kwanza hadi kesho si ujinga wala uzembe. Ni hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeifanya, na mara nyingi kikohozi chenyewe huondoka na kuithibitisha. Tatizo ni zile siku ambazo hakiondoki. Shinikizo la damu na kisukari huja hivyo hivyo, bila kubisha hodi, na anayesubiri hadi aone sababu ya kwenda kliniki huifikia wadi ya hospitali ya rufaa akiwa amechelewa na gharama ikiwa imekwisha kuzidi uwezo wa familia nzima.

Hivyo nilihama upande. Sikuhama kwa furaha, kwa sababu hoja ya sabuni ya kuoshea sakafu bado haijajibiwa na nitairudia.

Mwaka mzima kwa mkupuo

Chama chetu kilipoanza kujadili SHA, kilichochukua muda mrefu zaidi kilikuwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na nadhani mkanganyiko huu unawagharimu wengi. Sheria za afya za mwaka 2023 ziliunda mifuko mitatu. Ule wa huduma ya msingi hugharimiwa na serikali, na mtu aliyesajiliwa anapaswa kutibiwa kwenye zahanati na vituo vya afya bila kutoa mchango wowote. Mchango tunaougombania kila siku, asilimia 2.75 ya mapato, ni wa mfuko wa bima ya hospitali. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Kuna wanachama wetu waliokuwa wamekaa miezi mingi bila kukanyaga zahanati kwa kuamini kwamba ambaye hajalipia mwaka hana ruhusa ya kuingia.

Basi tuseme jambo hilo limeeleweka. Bado mama muuza samaki ana shida na huo mchango wa hospitali, na shida yenyewe si kiasi peke yake.

Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi kabla hajaziona pesa. Asiye na mshahara hupimwa hali ya kaya yake, akapangiwa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, kisha akatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600 kwa aliye chini kabisa. Mtu mwenye pato la kila siku, linalopanda siku omena ni tele na kutoweka siku ziwa limechafuka, anaombwa alete kwa siku moja fedha ambazo hajawahi kuziona zikiwa pamoja isipokuwa zamu yake ya kupokea michango ya mzunguko wa chama inapofika. Chini ya NHIF, bima ya taifa iliyotangulia SHA, aliweza angalau kulipa shilingi 500 za mwezi, akaukosa unaofuata, akarudi tena. Serikali yenyewe iliiona shida hiyo, na mwaka 2025 ikaleta Lipa SHA Pole Pole, ambako mtu hukopeshwa mchango wa mwaka akaurejesha kidogo kidogo. Ni hatua ya maana, ingawa najiuliza kama kweli tulihitaji kumtia mtu deni ili awe na bima, ilhali tungeweza kupokea kidogo kidogo tangu mwanzo.

Lakini kuna jambo jingine ndani yake lililonichukua muda kuliona. Aliyetafuta shilingi 3,600 akazilipa mwezi wa kwanza ndiye huyo huyo ambaye mwezi wa pili atasimama mbele ya kaunta ya kemisti bila akiba. Bima yake iko hai, itamlinda akilazwa, na namwombea ilinde. Kwa kikohozi cha mtoto haimpi hata kidonge kimoja.

Sanduku lenye ufunguo

Watu wengi wanapofika hapa husema: basi waweke akiba. Ni rahisi kusema, na sisi wa vyama ndio tunaolisema zaidi. Hata hivyo akiba nayo ina tabia zake, na kuna utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya ambao ningependa kila mweka hazina ausome.

Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliviendea vyama vya mzunguko, vya aina ya chetu, na kuwapa wanachama njia mbalimbali za kuweka fedha za afya. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe. Wengine walipewa sanduku hilo hilo, ila ufunguo ukabaki kwa ofisa wa mradi, na halikufunguliwa mpaka lengo la akiba litimie. Wengine waliombwa kuunda ndani ya chama chao mfuko wa pili, mzunguko mdogo wa afya peke yake. Wengine walipewa akaunti ya dharura za ugonjwa tu.

Kama ningeulizwa kabla ya kuyaona matokeo, ningeweka dau langu kwenye sanduku ambalo mwenyewe hawezi kulifungua. Nimeona akiba nyingi mno zikiyeyuka.

Baada ya mwaka mmoja, wale wenye ufunguo wao waliongeza matumizi ya kinga ya afya, kama vyandarua na dawa za kusafishia maji, kwa takriban theluthi mbili. Waliokuwa na mfuko wa afya ndani ya chama walifika zaidi ya maradufu. Sanduku lisilofunguliwa na mwenyewe halikusaidia kitu cha kutajika, kwa sababu watu waliogopa kufungia humo fedha ambazo wangezihitaji usiku wa homa. Sanduku la kawaida, ambalo mwenyewe alikuwa na uwezo wa kulifungua wakati wowote, lilifanya kazi kwa kumpa mtu jibu la heshima. Shemeji akija kuomba za nauli, mwenye nyumba anaweza kusema bila kumkosea adabu kwamba zilizopo ni za dawa.

Anayejua maisha ya ukoo huku kwetu ataelewa uzito wa jibu hilo. Fedha zilizo wazi ni za kila mtu.

Nimeyafikiria matokeo hayo nikiutazama mchango wa mwaka wa SHA, kisha pochi za simu kama M-TIBA, ambayo Safaricom, CarePay na PharmAccess waliianzisha ili fedha zilizowekwa humo zitumike kwenye kliniki zilizosajiliwa pekee. Nadhani wabunifu wa mipango hii huogopa sana kwamba maskini atazitumia fedha zake vibaya, hivyo humtafutia sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Huku kwetu kwenye mzunguko, hofu kubwa ya mwanachama ni kwamba siku akizihitaji atazikosa.

Chama chetu sasa kina mfuko wa afya. Ni mchango mdogo juu ya ule wa kawaida, unahesabiwa mbele ya wote kila kikao, na mwanachama anayeutaka hufika kwangu na kuchukua, bila fomu na bila kueleza ugonjwa wake mbele za watu. Kuna mzee mmoja wa chama anayeona tumelegea mno na kwamba lazima cheti cha kliniki kidaiwe. Anaweza kuwa na haki. Kwa sasa kura zilimshinda, na mfuko umegharimia hasa boda boda za usiku na dawa za kemisti, mambo mawili ambayo hakuna bima ninayoijua inayoyagusa.

Nani anamkopesha nani

Hapo ndipo shaka iliporudi, kubwa kuliko mwanzo. Kila nilipofungua daftari la mfuko na kuandika "dawa, kemisti", nilikuwa nikilipia kitu ambacho kodi zetu zilikuwa zimekwisha kukilipia, au zilipaswa kuwa zimekilipia. Chama kikifanya kazi nzuri ya kuziba pengo, pengo halionekani. Mama wa Kondele angekuwa mwanachama wetu angeondoka na dozi nzima, mtoto angepona, na kwenye madaftari matatu niliyoyataja mwanzoni kusingebadilika hata tarakimu moja.

Zahanati hainunui dawa kwa miujiza. Inahitaji fedha zilizofika kwa wakati, oda iliyotumwa mapema na gari lililoleta. Fedha za huduma ya msingi zikichelewa kufika kituoni, oda inachelewa. Oda ikichelewa, rafu inabaki tupu. Na rafu ikibaki tupu, mhudumu anaandika kikaratasi na kugonga muhuri. Kuanzia hapo gharama ni ya mgonjwa. Kila siku ya ucheleweshaji ni mkopo ambao serikali inachukua kutoka kwa mama mwenye shilingi mia na hamsini, usio na riba wala tarehe ya kurejeshwa, na mkopeshaji mwenyewe hajui kwamba amekopesha.

Kisumu tumeliona jambo hili kwa macho. Mwezi wa Desemba mwaka 2018 majaribio ya afya kwa wote yalizinduliwa hapa hapa mjini, sisi tukiwa pamoja na Nyeri, Machakos na Isiolo. Ada zikaondolewa na wagonjwa wakaja kwa wingi. Ada ikiondolewa, watu huja. Busia ilikuwa imelithibitisha hilo zamani. Jambo ambalo halitokei lenyewe ni dawa kuongezeka kwa kasi ile ile ya watu.

Kwa hiyo hoja ya sabuni ya sakafu, niliyoahidi kuirudia, sasa naijibu hivi: kweli zahanati inahitaji fedha zake yenyewe, zinazokaa kwenye akaunti yake na kutumiwa na kamati yake, lakini zitoke kwenye mfuko wa umma na zifike mapema, kwa kuwa mgonjwa akiombwa kuziba pengo hilo hata kwa shilingi 10 tutakuwa tumemrudisha mzazi wa Busia nyumbani na dawa za minyoo zikiwa bado kwenye boksi.

Na ucheleweshaji huo unaweza kuhesabiwa. Kila stoo ya zahanati huwa na kadi ya kila dawa, inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Ukiichukua kadi ya amoksilini ya watoto na kuhesabu siku ambazo salio lilikuwa sifuri katika robo ya mwaka, utakuwa na tarakimu moja inayoeleza zaidi ya ripoti yoyote kuhusu afya ya bure. Kamati ya kila kituo ina wawakilishi wa wananchi, na mmoja wa kituo chetu ni mwanachama wa chama. Nimemwomba kwamba kikao kijacho, kabla taarifa ya fedha haijasomwa, aombe kadi hiyo iletwe mezani, na idadi ya siku za sifuri iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na kwenye ubao ule wa ukutani ambao leo, mbele ya neno dawa, umeandikwa "bure".